Aliyefumua Nywele

Jumanne, tarehe 26 Mei, saa mbili kasorobo asubuhi, mbele ya msikiti wa Sanfiya kulikuwa na jozi thelathini na nane za ndara. Yarie Bangura alizihesabu kwa mazoea, kama alivyohesabu vibaba vya chumvi, kisha akavua zake zikawa thelathini na tisa. Gari jeupe la wageni lilikuwa limeachwa mbali, kule darajani, na wenyewe walikuja kwa miguu. Watu waliliona hilo. Mwaka uliotangulia gari la namna hiyo liliingia mpaka katikati ya kijiji, likapigwa mawe, likatoka halina kioo hata kimoja.

Salematu Suma, wifi yake Yarie, alikuwa amefariki Ijumaa alfajiri. Kabla hajazikwa, mhudumu wa zahanati alimpitishia pamba mdomoni kuchukua kipimo. Jibu lilirudi Jumapili: Ebola. Wakati huo marehemu alikwisha kuoshwa na kuzikwa, na wali wa msibani ulikwisha kuliwa.

"Mimi naitwa Makale Kamara," alisema mwanamke mmoja wa wale wageni, mwembamba, wa miaka kama thelathini, akiwa na daftari kifuani. "Nimezaliwa Benti, hapa jirani, si ng'ambo. Sikuja na orodha ya mtu. Orodha mtaiandika nyinyi."

"Afadhali," akadakia Tiranke, jirani yake Yarie, ambaye neno likishamfika ulimini halirudi. "Mwaka jana walimwandika mbuzi wangu. Siku ishirini na moja wanakuja kumjulia hali."

"Akawaje?"

"Akachinjwa. Lakini homa hakuwa nayo."

Watu wakacheka, hata imamu, na wakajishangaa, kwa kuwa tangu Ijumaa hakuna aliyekuwa amecheka.

Makale alieleza bila kupamba. Ipo chanjo, lakini bado inachunguzwa. Hakuna anayejua kwa hakika kama inazuia ugonjwa. Kila anapopatikana mgonjwa, wanachora duara la watu: waliomgusa, na waliowagusa waliomgusa. Kisha kura inapigwa. Duara moja linachanjwa mara moja, jingine linasubiri siku ishirini na moja. Baadaye yanalinganishwa. Asiyetaka hachanjwi, na hakuna atakayemuuliza sababu.

Alseni Suma, kaka wa marehemu na mume wa Yarie, aliinua mkono. "Sisi kura imesemaje?"

"Mara moja. Kesho asubuhi."

"Na Kindoya?" Kindoya ilikuwa ng'ambo ya mkondo. Mtu mmoja alikuwa amefia huko Jumamosi.

"Baada ya wiki tatu."

"Kwa hiyo wao wakifa na sisi tukapona, ndipo mtajua."

Makale hakuinamisha macho. "Ndiyo, baba. Ndipo tutajua. Na nyinyi mtajua pamoja nasi."

Jibu hilo halikumpendeza mtu, ila hakuna aliyeweza kusema amefichwa. Imamu akauliza nani awaandikie wanawake. Sauti nne au tano zilimtaja Yarie, na hakuna iliyopinga. Yarie alipika chumvi miaka ishirini na sita, na Sanfiya nzima ilijua kwamba kibaba chake hakina kidole gumba ndani cha kumpunja mnunuzi.

*

Saa tano simu ya Alseni ililia. Alseni alikuwa na sikio moja zito, hivyo simu zake zilisikika na nyumba nzima. Aliyepiga alikuwa Mzee Yula wa Koya. Mwanawe, Fasine, alikuwa amuoe Mafudia, binti ya Alseni na Yarie, Alhamisi ya tarehe 11 Juni, wiki moja kabla ya Ramadhani.

"Poleni kwa msiba, mkwe. Mungu amrehemu. Tumesikia pia kuna orodha."

"Ipo."

"Mwali wetu hayumo." Hakusema kama mtu anayeuliza.

"Anayeiandika ni mke wangu."

"Basi vizuri sana. Maana huku kwetu, mkwe, mtu akiwa kwenye orodha hata moto hawamwombi. Kola za posa tulizileta kwa mikono miwili. Msituache tukaja kuzifuata kwa mkono mmoja."

Mafudia alikuwa amechuchumaa anaosha mchele. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na vidole vyake vilisuka nusu ya vichwa vya Sanfiya. Simu ilipokatika aliyamwaga maji, akaweka maji mengine.

"Mama, mimi ndiye niliyemfumua shangazi."

"Najua aliyemfumua."

Kila mtu alijua. Sanfiya, aliyekusuka ndiye anayekufumua siku ya kuoshwa. Akifumua mwingine, wanasema, marehemu anabaki akitafuta mkono aliouzoea. Mafudia alimsuka Salematu mistari kumi na miwili Jumamosi, akiwa mzima. Ijumaa iliyofuata aliifumua yote, kichwa cha shangazi yake kikiwa juu ya mapaja yake, jasho la kufia bado halijakauka shingoni.

"Basi niandike. Si sindano tu?"

"Sindano ni ya siku moja. Orodha ni ya siku ishirini na moja, na aliyemo hatoki kijijini. Hesabu tangu Ijumaa."

Mafudia alihesabu kwa vidole vilivyolowa. Ziliisha tarehe 12 Juni, siku moja baada ya harusi.

Alseni alikuwa akiikunja na kuikunjua miwani yake. "Siku moja," alisema. "Si tungewaomba wasogeze harusi?"

"Uwaombe kwa sababu gani utakayoitaja?" Yarie alimuuliza. Alseni aliitia miwani mfukoni.

"Lakini mikono ilikuwa yangu, mama," alisema Mafudia.

"Mikono ni yangu. Niliizaa mimi. Chukua mchele huo na dagaa, uende chumvini. Umalizie kuchuja udongo wa chumvi uliobaki kabla mvua haijaukuta. Ulale hukohuko."

*

Mafudia alikwisha kupita darajani wakati Makale alipoketi na Yarie barazani kwa marehemu, viti viwili vikiwa mbalimbali kama walivyoagizwa. Makale aliuliza kwa utaratibu na Yarie akajibu kwa utaratibu. Aliyemuuguza: wawili. Aliyemshika kichwa wakati wa kuosha: mimi. Aliyemwaga maji: Tiranke. Waliosugua: watatu, akawataja. Aliyeshona sanda. Waliobeba jeneza. Aliyechoma godoro, na watoto waliokuwa wakilirukia kabla halijachomwa. Makale aliinua kichwa mara moja kumwambia kwamba hajapata kuona orodha iliyotimia namna hiyo.

"Na nywele alifumua nani?"

Mama yake Makale alikuwa msusi; swali hilo halikuwemo kwenye fomu.

"Mimi," alisema Yarie.

Makale aliitazama mikono yake. Ilikuwa imepasuka kwa chumvi, vidole vinene, kucha zimeliwa. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimsuka?"

"Mimi ni wifi yake."

Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaandika.

Siku ya pili waliitwa kwa majina chini ya banda la msikiti. Majina yalikuwa sitini na mawili. Kila mtu alisomewa karatasi kwa Kisusu, akauliza aliyotaka kuuliza, akaweka dole gumba. Mpiga zumari alikataa, akarudi nyumbani, na kweli hakuna aliyemuuliza. Yarie alichomwa bega la kushoto, akakalishwa nusu saa kungojea kama ataona kizunguzungu. Hakukiona.

Kabla sanduku la barafu halijafungwa, Makale alisimama mbele ya mkeka. "Yupo aliyemgusa marehemu na hakutajwa?"

Akangoja. Akauliza tena, maneno yaleyale.

Juu ya mkeka ule walikaa wanawake watano waliokuwa chumba cha kuoshea. Wote walimwona Mafudia na chanuo mkononi. Mmoja alimfunga mwanawe kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa. Tiranke alitazama kucha zake. Sanduku likafungwa.

Njiani Tiranke alimfikia Yarie, akatembea kando yake hatua kadhaa.

"Usinishukuru," alisema. "Binti haozwi na mama yake peke yake. Sote tumekwisha kushona sare."

*

Asubuhi na jioni Yarie alipimwa joto, likaandikwa kwenye kadi. Thelathini na sita na nusu. Thelathini na sita nukta nane. Ijumaa aliomba ruhusa apeleke chumvi mpaka ukingo wa kijiji, ambako wachuuzi walisimama. Mteja wake wa miaka tisa alimwambia aweke gunia chini, arudi nyuma, arudi tena. Alipokwisha kulibeba, noti alizitumbukiza ndani ya ndoo ya maji ya klorini na kuiacha barabarani. Yarie alizivua mojamoja, akazianika juu ya kanga mbele za watu, na kukaa kuzilinda zisipeperuke. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa, mteja huyohuyo alinunua chumvi kwake kwa bei mara tatu, kwa sababu ilisemekana ukiioga huambukizwi. Naye alimuuzia.

Jumatatu, tarehe 1 Juni, Makale alipomaliza kusoma kipimajoto hakuondoka.

"Mama, nina dozi ambazo hazijafunguliwa. Jina lililosahaulika linaweza kuongezwa hata leo. Sitauliza limesahaulikaje."

"Likiongezwa, siku zake zinahesabiwa tangu lini?"

"Tangu alipomgusa marehemu. Zinaisha tarehe 12, kama zenu."

Yarie alikuwa akichambua mchele. Aliokota kijiwe, akakitupa, akaokota kingine.

"Orodha imetimia, binti yangu."

"Haya, mama."

Jumanne, alipokwisha kupimwa joto, Yarie alitoroka kwenda chumvini, mwendo wa saa moja kando ya mikoko. Ni vibanda viwili tu vilivyobaki na moto: chake, na cha Sire na dada yake, wanawake wa kijiji kingine. Jua lilikuwa la utosi. Juu ya uwanja ule hakuna kivuli, ardhi ni nyeupe na mtu akikutazama kwa mbali huonekana hana miguu. Mafudia aliketi kando ya karai, akikusanya chumvi kwa upawa. Sire alikuwa amemsuka mistari ya bi harusi, myembamba, ikikutana utosini.

"Umependeza," alisema Yarie. Alisimama mbali naye kidogo, akajiambia ni moshi. "Huumwi?"

"Siumwi. Ila sipendi mchana."

"Mchana umekufanya nini?"

"Shangazi anakuja mchana. Anapita kule kwenye mikoko, nywele zimefumuliwa upande mmoja tu. Anauliza chanuo lake."

"Mwambie limezikwa."

"Halikuzikwa, mama. Ninalo." Alilitoa kwenye mkunjo wa kanga: chanuo la mti, meno tisa, mawili yamevunjika. "Nililifunga kiunoni wakati namfumua, nikasahau. Nimeona haya kurudi nalo."

Yarie alinyoosha mkono. Ukafika nusu ya njia, ukarudi.

"Lichome," alisema.

"Nimejaribu. Kila nikilitia motoni, karai linaacha kuchemka."

Alikuwa akisema kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia mtu kueleza kuni mbichi. Yarie alijibu kwamba kuni zilikuwa mbichi. Akamwachia ndizi na mafuta ya mawese juu ya jiwe. Njiani kurudi alihesabu: zimebaki siku tisa kufika harusi. Zimepita kumi na moja na mtoto haumwi; tisa si nyingi. Alihesabu hivyo mara nyingi kabla ya kufika darajani, na mara mbili aligeuka kutazama mikoko. Alikuwa amemwosha Salematu kwa mikono yake, na alijua kwamba nywele zilifumuliwa pande zote.

*

Alhamisi, tarehe 4 Juni, Yarie alitoroka tena, na saa tatu asubuhi, kabla hajakiona kibanda, alisikia harufu ya chumvi iliyoungua. Maji yalikuwa yamekauka karaini na tabaka la chini limegeuka kahawia. Mafudia alilala kwenye mkeka, ubavu mmoja, magoti yamekunjwa. Kando yake palikuwa na matapishi yaliyofukiwa kwa mchanga kwa uangalifu.

"Lini?"

"Jana asubuhi, kichwa. Fasine alikuja, alitoka Koya kwa pikipiki, akaniletea viatu vya harusi. Alikaa kutwa. Alinipangusa uso." Akameza mate kwa taabu. "Usimgombeze."

Yarie alirudi hatua mbili mpaka uwanjani, akabonyeza simu.

"Lipo jina," alisema.

"Nani?" aliuliza Makale.

"Aliyefumua nywele."

Upande wa pili ulisikika mlango wa gari ukifungwa. "Amechanjwa? Hapana. Hajachanjwa."

"Hajachanjwa."

"Usimguse, mama. Nakuja na gari la wagonjwa. Usimguse."

Walichukua saa mbili na robo. Kwa muda huo Yarie alikaa mlangoni. Alijaza maji kwenye bakuli, akalisukuma kwa ukuni mpaka likafika mkekani.

"Njoo karibu, mama."

"Niko hapa."

"Uko mbali."

Yarie alikuwa ameshika mwimo wa kibanda, na baadaye watu walikuta kibanzi cha mti kimemwingia kiganjani asijue kilivyoingia.

"Sire amerudi kwao, na ni mbali," Mafudia alisema. "Nani atanifumua?"

"Utafumuliwa baada ya harusi, kama watu wote."

Mafudia akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Hata kibaba chako, mama," alisema, "leo kina kidole."

*

Katika kituo cha wagonjwa wa Ebola Yarie aliruhusiwa kusimama nyuma ya wavu wa rangi ya chungwa. Kutoka hapo mpaka kitanda cha mwisho palikuwa na hatua kumi na moja. Siku ya kwanza Mafudia aliinua mkono. Siku ya tatu aliinua vidole. Makale alikuja jioni hiyo, akasimama naye.

"Ungemchoma Jumatano ile ya chanjo angepona?" aliuliza Yarie.

"Sijui, mama."

"Daktari?"

"Naye hajui. Hakuna ajuaye. Ndiyo maana tunaandika."

Mafudia alifariki Jumatatu, tarehe 8 Juni, saa kumi na dakika ishirini jioni. Wazikaji walikuwa wanne, ndani ya nguo nyeupe zilizofunika hata nyuso. Imamu aliruhusiwa kusali kwa umbali. Yarie alimwomba mmoja wao, asiyemjua kwa sura wala kwa jina, kama wangeweza kumfumua kabla hawajafunga mfuko. Akasema yeye mwenyewe angekaa mbali, angewaelekeza tu msuko unapoanzia.

"Hatuwezi, mama," ilisema sauti nyuma ya barakoa. Ilikuwa sauti ya kijana wa Kisusu. "Nisamehe."

Jioni hiyo wengine wawili walinyunyiza klorini kibandani. Mkeka, nguo na viatu vipya vilichomwa. Tiranke, aliyekwenda kuwaonyesha njia, alisimama mpaka moto ukazimika, akakoroga majivu kwa ufito. Alirudi akasema chanuo halikuonekana, wala jino lake moja.

*

Jumanne, tarehe 9 Juni, saa mbili kasorobo asubuhi, Makale aliketi barazani kwa Yarie, kiti chake mbali na cha mwenyeji wake. Daftari lilikuwa jipya. Kabla halijafunguliwa, simu ya Alseni ililia. Alseni aliitazama, asiishike. Yarie akaipokea.

"Mama Mafudia," ilisema sauti ya Mzee Yula, "Mungu awape subira. Hatujalala." Ikakohoa. "Nimesikia mnaandika tena. Fasine ana duka, mama, ndiyo kwanza amelifungua. Jina lake likisomwa Koya, nani atanunua kitu pale? Kijana haumwi. Hata mafua hana. Wewe ni mzazi, unajua mwenyewe nisemayo."

"Najua, mkwe."

"Basi nimeshukuru."

"Fasine Yula, wa Koya," Yarie alimwambia Makale, simu ikiwa bado wazi. "Alikuja Jumatano. Alimpangusa uso."

Sauti ilipaa, ikamwita mwanamke aliyezika mali ya watu, ikataja kola. Kisha ikawa kilio cha mzee. Yarie alishikilia simu mpaka ikakatika yenyewe.

Tiranke alikuwa amesimama uani, nyuma ya kamba iliyofungwa kuzuia watu. Yarie aliendelea. Sire wa kibanda cha pili, aliyemsuka. Dada yake Sire. Wabebaji hapana, walikuwa na nguo za kujikinga. Makale aliandika, akasoma kwa sauti alichoandika, akauliza kama yupo aliyesahauliwa.

"Hayupo."

"Kura ya duara hili jipya bado haijapigwa mjini," alisema Makale. "Siwezi kujua itaangukia wapi."

"Iandike tu."

Makale aligeuza ukurasa. Lilikuwa limebaki swali moja, lile ambalo halikuwemo kwenye fomu.

"Nywele alifumua nani, mama?"

Yarie alitazama mikono yake.

"Hakuna," alisema.

Saa tatu na dakika tano, Makale aliandika: hakuna.